Orki au orka? Mwongozo kamili wa kutenganisha zimwi la hadithi na mnyama wa bahari

Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana mno: "orc" na "orca". La kwanza ni zimwi la hadithi za kubuni, lile la meno yaliyochomoza na shoka mkononi, linalokwenda vitani kwa vikosi. La pili ni mnyama halisi wa baharini, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye wengi humwita nyangumi muuaji. Kwenye karatasi kinachoyatenga ni herufi moja ya mwisho. Masikioni, hata hiyo moja mara nyingi haisikiki.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili kuna tatizo la ziada. Lugha yetu haipendi neno liishie na konsonanti, ndiyo maana tuna benki, keki, kadi na shati. Kwa hiyo "orc" ikiingia kinywani mwetu lazima ipate irabu ya mwisho, na anayebandika "a" bila kufikiri amekwisha geuza zimwi kuwa mnyama wa bahari. Irabu hiyo moja ndiyo inayobeba maana yote. Lazima tuichague kwa makusudi.

Mwongozo huu unamfaa anayetafsiri filamu au kuzisimulia kwenye banda la video, anayeandika hadithi za kubuni kwa Kiswahili, mwalimu anayesomesha watoto habari za viumbe, na mchezaji wa gemu anayetaka kuelewa ni kitu gani kinachomjia mbele yake. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe: kuelewa kwanza, kusikiliza, kisha kuandika.

Hatua ya 1: Wajue wenyewe kabla ya majina yao

Tuanze na wa baharini. Jina lake la kisayansi ni Orcinus orca. Ni mamalia: hupumua hewa, huzaa na hunyonyesha. Na ingawa watu humwita nyangumi, wanabiolojia humweka katika familia moja na pomboo, na katika familia hiyo hakuna anayemzidi ukubwa. Dume aliyekomaa hufikia mita 6 hadi 8, na wachache hupita hapo. Pezi lake la mgongoni husimama wima na linaweza kufika mita 1.8, yaani urefu wa mtu mzima mrefu. Nyuma ya jicho ana baka jeupe ambalo mtu asiyemzoea hulidhania kuwa ndilo jicho lenyewe.

Maisha yake ya kijamii yanastahili kujulikana, kwa sababu huko ndiko mkanganyiko wa maneno unakojificha, kama tutakavyoona mbele. Orka huishi kwa makundi yanayofuata upande wa mama. Katika pwani ya British Columbia nchini Kanada na jimbo la Washington, Marekani, yako makundi ambayo watoto wa kike na wa kiume hubaki na mama yao maisha yao yote. Kila kundi lina milio yake, na watafiti huitambua milio hiyo kama sisi tunavyomtambua mtu wa Lamu na mtu wa Unguja kwa lafudhi. Chakula nacho hutofautiana. Baadhi hula samaki tu, hasa samoni. Wengine huwinda sili na nyangumi wengine. Kule Rasi ya Valdés nchini Argentina hujirusha hadi ufukweni kukamata watoto wa simba-bahari, kisha hujinyonganyonga kurudi majini.

Wanapatikana katika bahari zote, kuanzia Aktiki hadi Antaktika. Bahari ya Hindi nayo imo, ingawa pwani yetu huwaona kwa nadra sana. Nyangumi wanaovuta watalii Watamu kati ya Julai na Septemba ni wa aina nyingine, wale wenye nundu wanaopanda kutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Ukisikia mtu anasimulia safari ya kwenda kutazama nyangumi Kenya au Tanzania, usikimbilie kuandika orka.

Upande wa zimwi maelezo ni mafupi zaidi, kwa kuwa kila mtunzi humchora apendavyo. Orki wa kawaida ni askari: mbaya wa sura, mkali, anayetii mkubwa wake kwa hofu. Ngozi ya kijani ambayo vijana wengi wanaijua imeenezwa zaidi na michezo. Katika gemu nyingi za miaka ya karibuni orki si adui tena. Ana ukoo, heshima, mke na watoto, na mchezaji anaweza kumchagua awe shujaa wake. Hilo nalo litatuathiri tutakapofika kwenye ngeli.

Hatua ya 2: Angalia umri wa maandishi

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa aibu kubwa kwa anayetafsiri vitabu vya zamani.

Warumi walikuwa na neno "orca" kwa mnyama mkubwa wa baharini, na neno hilohilo lilitumika pia kwa mtungi wenye tumbo pana. Pliny Mkubwa, mwandishi aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, anamweleza orca kuwa ni donge kubwa la nyama lenye meno ya kutisha, adui wa nyangumi wakubwa. Anasimulia pia kisa cha bandari ya Ostia, iliyokuwa ikijengwa wakati wa Kaizari Claudius. Mnyama wa namna hiyo aliingia bandarini akivutwa na shehena ya ngozi iliyozama. Kaizari akaamuru nyavu zitandwe kwenye mlango wa bandari, na askari wakamrushia mikuki kutoka kwenye vyombo, watu wakitazama. Pliny anasema aliona kwa macho yake chombo kimoja kikizama kwa maji aliyoyapuliza yule mnyama.

Warumi haohao walikuwa na Orcus, mungu wa kuzimu. Waingereza wa kale, walipoandika orodha za kufafanua Kilatini, walimfasiri Orcus kwa maneno ya kwao yenye maana ya zimwi na shetani wa motoni, na moja ya maneno hayo ni "orc". Katika utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee iliyobaki ni ya karibu mwaka 1000, "orcneas" wanatajwa mara moja pamoja na majitu na viumbe wengine waovu wa uzao wa Kaini.

Mpaka hapo njia ni mbili na zinaeleweka. Baadaye zikagongana. Kwa karne kadhaa Kiingereza kiliandika "orc" au "ork" bila "a" kikimaanisha mnyama wa bahari. John Milton, katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667, anataja kisiwa kikavu kilicho makazi ya sili, "orcs" na ndege wa baharini. Msomaji wa leo anayejua gemu tu ataona mazimwi yamejilaza ufukweni kando ya sili. Si hivyo, hao ni wanyama wa bahari.

Aliyebadilisha mambo ni J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alilichukua neno la Kiingereza cha kale akawapa askari wabaya wa hadithi zake, na baada ya riwaya yake ndefu kutoka mwaka 1954 na 1955, maana hiyo ikaimeza ile ya bahari. Yeye mwenyewe aliona hatari ya kuchanganya. Katika dokezo la mwanzoni mwa The Hobbit, hadithi yake iliyotangulia, anamwambia msomaji wazi kwamba "orc" wake hana uhusiano wowote na lile neno la wanyama wa bahari wa jamii ya pomboo. Kwa hiyo mkanganyiko huu mwenye neno mwenyewe aliuona, na hakuna haja ya kumcheka mtu anayeuliza.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: ukikuta "orc" katika maandishi ya Kiingereza ya kabla ya karne ya 20, simama, utafute maji. Kama kuna bahari, mawimbi, sili au meli, andika orka hata kama herufi "a" haipo. Katika maandishi ya baada ya Tolkien, "orc" ni zimwi karibu kila mara.

Hatua ya 3: Sikiliza mwisho wa neno, halafu neno linalofuata

Sasa twende kwenye sauti. "Orc" ni silabi moja, "orca" ni mbili. Mmarekani huitamka "r", Mwingereza wa kusini huimeza na kurefusha "o", hivyo kwake zimwi ni kama "ook" na mnyama ni kama "ooka". Ile "a" ya mwisho si "a" yetu iliyo wazi. Ni irabu fupi, dhaifu, isiyo na mkazo, inayotoweka mtu akisema haraka.

Neno linapokuwa peke yake au mwisho wa sentensi, sikio makini linatosha. Tatizo huanza linapofuatwa na neno lenye irabu ya namna hiyohiyo mwanzoni. Chukua "orc attack" na "orca attack". Katika la kwanza, "a" ya "attack" inaning'inia kwenye "orc" na kuleta kitu kinachosikika kama "orca tack". Na kiunganishi "and", ambacho katika mazungumzo hubaki "n" tu, hukifanya kipande cha "orc and" kifanane sana na "orca" yenye "n" mkiani. Programu za kompyuta zinazogeuza sauti kuwa maandishi hunaswa hapohapo, kwa hiyo usiyaamini maandishi yaliyozalishwa na mashine mpaka umesikiliza mwenyewe.

Fanya hivi. Punguza kasi ya sauti hadi robo tatu na usikilize kipande hicho. Ukishindwa, tafuta mahali pengine ambapo msemaji huyohuyo ametumia wingi, kwa maana wingi ndio unaosikika vizuri zaidi: "orcs" huishia na "s" kavu iliyoshikana na "k", na "orcas" huishia na irabu kisha sauti ya "z". Ukipata wingi mmoja ulio wazi, umepata jibu la filamu nzima. Kiambishi cha umiliki cha Kiingereza kinasikika vilevile, hivyo nacho kitakusaidia. Kibainishi "an" hakisaidii kitu, maana kinatangulia maneno yote mawili.

Kuna mtego wa tatu ambao wengi hawaujui. Kwa Mwingereza anayemeza "r", "orc" hutamkwa sawasawa na "auk", jina la jamii ya ndege weusi kwa weupe wa bahari za kaskazini. Ukiwa unatafsiri filamu ya viumbe wa Bahari ya Kaskazini, ukasikia "ook" ya silabi moja, basi yaelekea si zimwi wala si mnyama wa majini. Ni ndege.

Hatua ya 4: Uliza maneno jirani, lakini usiyaamini yote

Kila mtu atakuambia utazame muktadha. Ni kweli, ila muktadha wa maneno haya mawili una hila zake, na ningependa uzijue moja moja.

Maneno yanayoweza kuaminika ni yale ya mwili na ya mahali. Pezi, tundu la kupumulia, kuzama, kuibuka, ndama, barafu, samoni: hayo ni ya orka. Mkono, mguu, ngao, panga, mlango wa ngome, farasi au mbwa mwitu wa kupandwa: hayo ni ya orki. Orka hana meno yaliyochomoza nje ya mdomo. Ukisikia meno ya namna hiyo, ni zimwi.

Maneno ya jamii ndiyo yanayodanganya. "Clan", yaani ukoo, hutumika kwa wote wawili. Wanasayansi wa British Columbia wanayaita makundi ya orka yenye milio inayofanana kwa neno hilohilo, na watengeneza gemu hulitumia kwa makabila ya maorki. "Dialect", lahaja, vivyo hivyo. Kuwinda kwa kundi, kulia kwa sauti kali, kuongozwa na mzee, kufundisha watoto kuua: yote yanaingia pande zote mbili. Hata "killer" haimtambulishi mnyama moja kwa moja, kwa kuwa zimwi nalo linaua.

Kwa hiyo ukitafsiri sentensi inayosema kwamba ukoo fulani wa kaskazini huwafundisha vijana wake kuwinda pamoja na una lugha yake ya pekee, usiamue kwa sentensi hiyo peke yake. Rudi nyuma au nenda mbele mpaka upate kiungo cha mwili au mahali. Katika hadithi zenye mabaharia na visiwa, ambamo mazimwi na wanyama wa bahari huweza kukutana kwenye ukurasa mmoja, weka kumbukumbu pembeni: nani ametajwa sura ya ngapi.

Hatua ya 5: Kama chanzo si Kiingereza

Msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura huenda akakutana na habari hizi kwa Kifaransa, na huko hali ni ngumu zaidi. "Orque" ndilo jina la kawaida la mnyama wa bahari, na ni la jinsia ya kike. Tafsiri za Kifaransa za Tolkien nazo zimetumia "orque" kwa zimwi, kwa jinsia ya kiume. Matamshi ni mamoja. Tofauti iko kwenye kibainishi: "une orque" ni mnyama, "un orque" ni zimwi. Lakini kibainishi kikikatwa na kuwa "l'orque", jinsia inafichika, na itabidi utazame sifa au kitenzi kinachofuata. Gemu nyingi za Kifaransa zimekwepa taabu hiyo kwa kuandika zimwi "orc". Ukiona "épaulard", hilo ni jina jingine la mnyama, halina utata.

Kiitaliano kimewagawa kwa irabu, sawa na tunavyotaka kufanya sisi: "orco" ni zimwi la ngano, "orca" ni mnyama. Kiarabu cha sasa huandika zimwi أورك na mnyama أوركا, kwa hiyo anayesoma maandishi ya Uarabuni atazame alifu ya mwisho.

Hatua ya 6: Chagua tahajia na usiiache

Pendekezo langu ni orki kwa zimwi na orka kwa mnyama, na nitaeleza kwa nini.

Irabu "i" ndiyo ambayo Kiswahili kimezoea kuiweka baada ya "k" ya maneno ya kigeni: benki, keki, jeki ya gari. Msomaji ataipokea bila kusita. "Orku" lingewezekana, lakini halina mazoea hayo. "Orka" linafuata jina la kisayansi lenyewe, na linafanana na jinsi lugha nyingi za dunia zinavyolitamka.

Kuna watakaotaka kuitupa "r", kwa hoja kwamba Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zifuatane. Wana hoja: kutoka "card" tumepata kadi. Ila hapa kuitupa kunaleta hasara. "Oka" tayari ni kitenzi, kuoka mkate. Sentensi kama "waliona oka" itamfanya msomaji asimame katikati. Isitoshe, Kiswahili kinajua kuihifadhi "r" inapohitajika. Tunasema sharti na karne bila shida, na watu wamehifadhi korti, yaani mahakama, ikakaa mbali na koti la kuvaa. Kilichowezekana kwa korti na koti kinawezekana hapa.

Katika kusoma kwa sauti, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo orki na orka zote zinasisitizwa kwenye "or". Irabu ya mwisho haina mkazo, na msimuliaji mwenye haraka anaweza kuifuta. Anayesimulia filamu mbele ya watu aizoeshe midomo yake: "i" yenye midomo iliyotanuka, "a" yenye kinywa kilichofunguka. Jaribu kusema "orki akaja" na "orka akaja" mara kadhaa. Ya kwanza ndiyo ngumu, kwa sababu "i" inakutana na "a" ya kitenzi na kuelekea kumezwa. Weka pumzi fupi kati yake.

Hatua ya 7: Tumia ngeli, ndiyo nguvu yetu

Hapa Kiswahili kinatupa kitu ambacho Kiingereza hakina, na ni masikitiko kuona watafsiri wakikiacha.

Tazama viumbe tulionao. Zimwi, mazimwi. Jitu, majitu. Jini, majini. Dubwana, madubwana. Viumbe vya kutisha vya ngano zetu vimekaa katika kundi linalochukua "ma" kwenye wingi. Sasa tazama wa baharini: nyangumi, nyangumi. Papa, papa. Pomboo, pomboo. Nguva, nguva. Hao hawabadiliki. Basi orki na aungane na wenzake: orki mmoja, maorki wengi. Na orka na aungane na wake: orka mmoja, orka wengi. Kwa utaratibu huo, hata msikilizaji aliyekosa irabu ya mwisho atajua kwa "ma" ya mwanzo kwamba yanayokuja ni mazimwi.

Upatanisho unaongeza kufuli la pili. Wanyama wote huchukua a-wa, kwa hiyo ni "orka yule ameibuka", "orka wale wameibuka", bila ubishi. Kwa zimwi tuna njia mbili, na zote ni za halali. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo zimwi ni "li". Ukitaka orki awe kitisho kisicho na utu, mfano wa kundi linalovamia kijiji, tumia hiyo: "orki lile limevunja lango", "maorki yale yamevunja lango". Akiwa mhusika mwenye jina, huzuni na maamuzi yake, mpe a-wa: "orki yule amekataa kupigana".

Uchaguzi huu si wa kisarufi tu. Ni wa kisimulizi. Mtunzi anaweza kuanza na "li" wakati shujaa anawaogopa, kisha akahamia "a" siku shujaa anapomsikia orki mmoja akizungumza. Msomaji wa Kiswahili atauhisi mgeuko huo mwilini kabla hajaambiwa chochote. Ila uamue mapema, na usichanganye "li" na "a" kwa orki huyohuyo ndani ya aya moja bila sababu.

Lugha ya maorki iite Kiorki. Kuna wanaopenda kuwafanya taifa, Waorki, kama Wamakonde au Waarabu. Wingi unakubali, umoja wake, "Mworki", ni mgumu mdomoni. Mimi ningebaki na maorki.

Hatua ya 8: Amua lini utumie neno la nyumbani

Je, kwa nini tusiseme zimwi tu? Kwa sababu zimwi wa ngano zetu ana tabia zake. Mara nyingi yuko peke yake, anakula watu, anajigeuza, anamwoa binti mzuri na kumpeleka porini. Anafaa sana kuwa tafsiri ya "ogre", yule mla watu wa ngano za Ulaya. Orki ni askari wa jeshi. Ukiwaita wote zimwi, utajuta pale hadithi itakapowaleta pamoja. Jitu nalo lihifadhi kwa viumbe wa kimo kikubwa. Katika simulizi ya mdomo, mbele ya watazamaji wasiojua mambo haya, unaweza kusema "mazimwi yale, maorki" mara ya kwanza, kisha ukaendelea na maorki.

Kwa orka, somo la sayansi linadai uangalifu. "Nyangumi muuaji" linaeleweka, ila lina kasoro mbili: mnyama huyu kwa familia ni pomboo, na hakuna tukio lililothibitishwa la orka wa porini kumuua mtu. Vifo vinavyojulikana vimetokea kwa orka waliofungiwa kwenye mabwawa ya maonyesho. Jina la kuua lilitokana na mabaharia waliowaona wakishambulia nyangumi wakubwa. Darasani ningesema "orka, pomboo mkubwa kuliko wote". Kwenye habari ya gazeti "nyangumi aina ya orka" linapita, maana watu wa pwani na bara wote wanalijua neno nyangumi, na anayesoma anapata picha ya ukubwa mara moja.

Hatua ya 9: Kubadilisha kwa kompyuta bila kuharibu

Ukimaliza kuamua, utataka kubadilisha maneno katika faili zima kwa mkupuo. Subiri kidogo. Herufi o-r-c zimo ndani ya maneno mengi ya Kiingereza ambayo hadithi za namna hii huyapenda: "sorcerer" yaani mchawi, "force", "torch", "scorch", "orchard". Ukiamuru kila "orc" iwe "orki", mchawi atageuka "sorkierer". Visiwa vya Majorca na Menorca navyo vina "orca" mkiani.

Kwanza, washa chaguo la kutafuta neno zima peke yake. Pili, fuata mpangilio huu: anza na "orcas", halafu "orca", halafu "orcs", na "orc" iwe ya mwisho. Ukianza na "orc" bila lile chaguo, kila "orca" itakuwa "orkia", neno ambalo halimhusu yeyote. Tatu, wingi uubadilishe peke yake: "orcs" iwe "maorki", na "orcas" iwe "orka", kwa kuwa mashine haijui ngeli.

Baada ya hapo pitia upatanisho kwa macho yako. Tafuta "maorka", ukilikuta, kuna orka aliyevikwa vazi la zimwi. Tafuta "orki wengi" na "orki hawa". Hapo "ma" imesahauliwa. Mwisho tafuta kila orka na usome sentensi yake nzima ukijiuliza maji yako wapi. Pasipo na maji, rudi kwenye sauti au kwenye ukurasa wa asili, usikilize tena herufi ile ya mwisho.